Mwanamke wa Sura ya Saba

Kiti kilikwaruza sakafu kabla jogoo wa jirani hajawika, nikajua mjukuu wangu ameamka na hasira.

Siku nyingine Mable hukinyanyua kile kiti kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya meza taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, ili asiniamshe. Mimi huwa macho zamani, lakini najifanya nimelala. Mtu akikutendea wema kimyakimya, ni vizuri umwachie wema wake. Asubuhi ile hakukinyanyua. Alikiburuta kutoka ukutani hadi mezani, akaketi kwa kishindo. Sikusikia karatasi ikigeuzwa.

"Mable," niliita kutoka chumbani.

"Naam, Nyanya. Lala, bado ni giza."

"Nitalalaje na wewe unalima sakafu?"

Hakucheka. Hapo nikaamka, nikajifunga leso, nikatoka.

Alikuwa ameketi mbele ya mswada wa mteja wake Josephat, ule uliochapwa kwenye karatasi, umejaa wino mwekundu. Kalamu ilikuwa na kifuniko chake. Macho yake yalikuwa yamevimba kidogo, si sana, lakini mimi ndiye niliyemlea.

"Anakuja leo?" nikamuuliza.

"Anakuja leo."

"Sasa mbona uso kama wa mtu aliyeitwa kwa chifu?"

"Alipiga simu jana. Amesema anataka tuzungumze ana kwa ana kabla kitabu hakijaenda kwa wachapaji Jumatatu. Nyanya, sauti yake haikuwa ile ya kila siku."

Nikaenda kuwasha jiko, maana maneno mengine hutoka vizuri zaidi kukiwa na chai.

Kazi ya mjukuu wangu ni kuhariri vitabu vya watu wanaojichapishia wenyewe. Hawana kampuni nyuma yao. Mtu ameandika usiku na mchana, ana mswada wake mkononi, hajui kama ni kitabu au ni makaratasi tu. Basi humletea Mable hapa kwetu Mwakingali, mjini Voi, au humtumia kwa kompyuta. Wanakuja walimu, wanakuja wachungaji, alikuja polisi mmoja mstaafu ambaye kila mtu katika hadithi yake alikuwa anakamatwa. Mable hunyoosha sentensi, huuliza kilichosahauliwa, na huwaambia cha kupunguza.

Na mimi nina sehemu yangu. Mimi ni sikio. Akimaliza sura, jioni hunisomea kwa sauti nikiwa nachambua pojo au kunde. Nikisinzia, hutia alama pembeni pale niliposinzia, na mwandishi huambiwa: hapa Nyanya alilala, paangalie tena. Wote wanajua. Mchungaji mmoja wa Taveta niliposinzia sura yake ya kwanza hadi ya mwisho, alifunga safari akaja kuniombea, akidhani mimi ni mgonjwa.

Josephat wa Maungu hakunisinzisha hata mara moja.

Josephat ana duka la vipuri vya malori kando ya barabara kuu. Mikono yake ina mafuta ambayo sabuni imeshindwa nayo, na anaandika kama mtu aliyelelewa na bibi zake. Kitabu chake ni cha kijana anayempenda mwanamke anayeitwa Wanza, mwenye hoteli pale Maungu, na hajui jinsi ya kumwambia. Nilimpenda kijana yule wa kitabuni. Nilimpenda na aliyemwandika, kwa sababu kila akija huvua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hunisalimu mimi kwanza, polepole, kwa Kidawida, lugha yetu, kabla ya kumtazama yule anayetaka kumtazama.

Maana alikuwa anataka kumtazama Mable. Nilikuwa nikiona. Mable akimpa kikombe, Josephat hukipokea kwa mikono miwili na kusahau kukishusha. Mable naye akimweleza makosa yake, hutazama karatasi, hutazama dirisha, hutazama vidole vyake, kila mahali isipokuwa usoni mwake. Kisha Josephat akiinama kuandika, ndipo anamtazama. Mimi pale pembeni na ungo wangu, nachambua, sioni kitu.

Mama yake Mable, mwanangu Gertrude aliye Mombasa, alisikia harufu ya jambo lile kwenye simu.

"Mama, ni kweli kuna mtu wa Maungu anakuja hapo kila mara?"

"Ni kazi. Analeta sura."

"Sura! Atamlisha Mable sura? Kuna yule Ronald wa ofisi za kaunti, ana mshahara, ana nyumba, mama yake anatujua."

"Ronald anasema nini?"

"Anasema vizuri tu."

"Basi mwache aendelee kusema," nikamwambia, na simu ikaisha.

Lakini si Gertrude aliyeharibu mambo. Aliyeharibu ni Wanza, na Wanza alikuwa wa karatasi.

Ilianza na sura ya saba. Katika sura ile kijana ametafuta ng'ombe aliyepotea huko Marungu tangu alfajiri, amerudi Maungu jioni, miguu imepasuka, vumbi hadi magotini. Hoteli imefungwa. Wanza anamfungulia. Ndani mna beseni moja la maji, la mwisho, mfereji umekauka na lori la maji halijapita. Wanza hasemi neno. Anaweka beseni chini, anamwosha miguu kwa maji yale. Kisha wanakula mahindi ya kuchoma, kwa sababu hakuna maji ya kupikia, na yeye hamwambii kwa nini hapiki.

Nililia. Mtu ambaye hajaishi na kiu ya nchi hii hatajua nililia nini. Maji ya mwisho, na tena humwambii mtu kwamba ni ya mwisho.

Mable alipomaliza kusoma, hakuandika chochote pembeni.

"Nyanya, unafikiri mtu anaweza kubuni kitu kama hiki?"

"Si ndiyo kazi yao?"

"Hapana. Hiki amekiona. Huyu Wanza yuko. Yuko Maungu, na alimwosha miguu." Akaifunga kalamu kwa nguvu. "Na bado anampenda. Mtu haandiki hivi kuhusu mwanamke aliyemsahau."

"Muulize."

"Nimuulize nini? Mimi ni mhariri wake."

Tangu jioni ile, nikaanza kumsikia Wanza akikonda. Kitabu kilikuwa kikisomwa upya baada ya marekebisho, na kila jioni alikuwa amepungua. Alikuwa na kicheko, kikaondoka. Alikuwa na shingo nzuri, ikafutwa. Mahali fulani macho yake yalikuwa na nyota, nikamuuliza Mable nyota ziko wapi.

"Macho hayana nyota, Nyanya."

"Juzi yalikuwa nazo."

"Ni maneno yaliyotumika sana. Nimeyatoa."

Nilidhani ni kazi. Na sehemu ya moyo wangu ilijua si kazi.

Basi ndiyo asubuhi ile tukanywa chai, jua likapanda juu ya Voi, joto likaanza mapema kama kawaida. Mable akaoga, akavaa lile gauni la samawati, akalivua, akavaa sketi ya kila siku, kisha nikamwona tena na lile la samawati. Akafagia kibaraza kilichokuwa kimefagiwa. Hata pikapu ya Josephat iliposimama nje ya lango, alikuwa ameshika ufagio.

Akakimbilia ndani, akachungulia kwenye pazia.

"Nyanya, amekuja na mtu."

"Mtu ni watu. Fungua mlango."

"Ni mwanamke."

"Nimeona."

"Amevaa miwani ya jua."

"Hilo si kosa. Fungua mlango, Mable, watu wamesimama juani."

Josephat aliingia kwanza, akavua viatu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanijulia hali. Kisha akamtazama Mable, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaondoa macho haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Nyuma yake akaingia mwanamke mnene wa mashavu, mwenye kitambaa cha kichwa cha manjano, anayecheka kabla hajaona cha kuchekesha.

"Nyanya, Mable, huyu ni Wanza," akasema Josephat.

Vikombe vililia kwenye trei ya chai aliyokuwa ameinyanyua Mable.

"Wanza gani?"

"Yule wa kitabuni," akajibu mwanamke mwenyewe. "Wako wangapi? Mimi ndiye niliyefutwa."

"Karibu," Mable akasema. Ilikuwa karibu ya kufunga mlango.

Wanza aliketi kando yangu kwenye kochi, kochi likainama upande wake, nikamtelezea. Akaniita susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya.

"Susu, ni wewe uliyelala juu yangu?"

"Nimelala juu ya nani, mwanangu?"

"Nilikuja Voi kununua unga wa hoteli, Josephat akanipa lifti. Njiani ananiambia, Wanza, sura yako kubwa imetolewa. Nikamuuliza, kwa nini? Akanionyesha kwenye simu. Mhariri ameandika: sura ya saba inachosha, nimeitoa yote, Nyanya alisinzia. Nikasema, nipeleke nikamwone huyo nyanya! Madereva wanatoka Malaba bila kulala, wakifika kwangu wanaamka zaidi, halafu wewe unalala? Nimewaambia watu wote niko kitabuni. Hata madereva wa Rwanda wanajua!"

Alikuwa anacheka, lakini chini ya kicheko alikuwa ameumia kidogo.

Mimi nilimtazama Mable. Alikuwa amesimama na trei, anaangalia vikombe kana kwamba hajawahi kuona vikombe. Damu ilikuwa imempanda shingoni. Nikaelewa yote kwa mara moja. Alikuwa ameitoa sura ile nzima, na alipokosa sababu ya kumpa Josephat, alisingizia usingizi wangu.

Sitasema haikuniuma. Lakini kulikuwa na wageni wawili sebuleni, na mtoto wangu amesimama mbele yao hana pa kujificha.

"Ni kweli," nikasema. "Nilisinzia. Ni uzee, mwanangu. Hata kanisani husinzia. Usimlaumu mhariri."

Josephat akasogea mbele kwenye kiti chake. Akatoa kalamu mfukoni.

"Nyanya, samahani kukusumbua. Ulisinzia kuanzia wapi? Nataka kujua nilipokosea."

Aliuliza kwa heshima sana, uongo ukanikwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Pale... mwanzoni."

"Pale ng'ombe anapopotea?"

"Hapo hapo."

"Nilijua," akasema, akitikisa kichwa kwa huzuni. "Nilijua ng'ombe ametembea sana. Nitamtoa ng'ombe. Nikimtoa, unafikiri iliyobaki itakuwa afadhali?"

Mtu mzima, mwenye duka lake, alikuwa tayari kuua ng'ombe wake kwa ajili ya usingizi ambao sikulala.

"Usimtoe ng'ombe," Mable akasema.

Trei aliiweka chini.

"Nyanya hakulala. Nyanya alilia. Alilia mpaka nikaacha kusoma nimngoje. Nyanya, usinidanganyie tena, tafadhali. Ni mimi. Ile sura haichoshi. Ni nzuri kuliko zote. Niliitoa mwenyewe, na nikamsingizia."

Feni ya mezani ikageuka upande mmoja, ikarudi.

"Kwa nini?" akauliza Josephat. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Wanza akavua miwani yake ya jua. Akamtazama Mable, akatazama gauni la samawati, akamtazama Josephat.

"Ai! Josephat, kweli hujui?"

"Wanza, nyamaza."

"Mwanamke hamfuti mwanamke mwenzake bure. Nimekaa nyuma ya kaunta miaka, naona. Dada, sogea hapa nikuambie." Mable hakusogea. Wanza akaendelea hivyo hivyo. "Huyu alinipenda, sikatai. Alinipenda kwa maneno. Maneno mazuri, ya kukunja ukaweka chini ya mto. Akaniandikia mwaka mzima, hata mzee mmoja hakumtuma nyumbani kwetu kuposa. Halafu akaja Mutinda. Mutinda hana maneno, alikuja na mbuzi. Nikatazama maneno, nikatazama mbuzi."

"Ukachagua mbuzi," nikasema, ingawa haikunihusu.

"Nikachagua Mutinda, susu. Mbuzi waliliwa siku ile ile."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Josephat naye alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye kidonda chake kimepona na kimebaki kovu la kuzungumzia. Mable peke yake ndiye hakucheka. Wivu haucheki haraka.

"Lakini ulimwosha miguu," akasema.

"Nani?"

"Wewe. Kwa maji ya mwisho ya nyumba."

Wanza akageuka mzima mzima.

"Mimi? Nimwoshe miguu mwanamume mwenye mikono yake miwili? Kwa maji ya Maungu? Josephat, umeandika nini humo? Mimi sijasoma, nimeambiwa tu nimo! Angekuja kwangu na vumbi lile ningempa gunia ajipanguse huko nje!"

"Hukumwosha?"

"Muulize mwenyewe."

Mable akamgeukia Josephat, na nikauona wivu ukihama. Ulikuwa umemwacha Wanza, ukabaki hauna pa kutua, ukawa mbaya zaidi. Maana Wanza angalau alikuwa na jina, na sasa alikuwa na mume.

"Basi ni nani?" akauliza. "Aliyekuosha ni nani? Usiniambie ulibuni, Josephat. Nimesoma miswada mingi. Najua kitu kilichobuniwa."

Josephat alishika goti lake, akaliachilia, akalishika tena.

"Hakuna aliyeniosha. Ni mtu aliyenipa beseni."

"Nani?"

"Siku ya kwanza nilipokuja hapa. Gari liliharibika njiani, nikatembea kutoka barabarani, nikafika nimejaa vumbi na mafuta, naona aibu kukushikisha mswada wangu. Ukaniambia ninawe kwanza. Ukaniletea beseni limejaa, na sabuni, na taulo. Nikanawa mikono, nikanawa uso, nikajinawia na shingo, nikayamwaga maji kama tajiri. Tulipokaa kusoma nikatazama dirishani, nikamwona Nyanya anatoka kwa jirani na mtungi, amerudi nao mtupu. Hukusema, Mable. Mfereji ulikuwa umekauka na hukusema. Nikarudi Maungu nikaiandika sura ile kwa mkupuo mmoja. Jina nikaliacha la Wanza, kwa sababu kitabu kilikuwa chake tayari. Lakini maji yalikuwa yako."

Niliikumbuka siku ile. Jirani naye hakuwa na tone. Chai tulikunywa kesho yake.

Mable aliketi kwenye kiti cha karibu bila kutazama kama kipo.

"Basi nimejifuta mwenyewe," akasema.

Wanza akaangua kicheko hata akachukua pindo la leso yangu kujifutia machozi. "Susu, shika mjukuu wako! Ameniua mimi kumbe anajiua yeye!" Nilidhani sasa mambo yamekwisha, Josephat atasimama amshike mkono, na mimi nitakumbuka kitu jikoni.

Lakini Josephat hakusimama. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sura itarudi," akasema polepole. "Hiyo si shida. Shida ni kwamba mimi nilikuamini. Unajua jana nilikaaje? Nilijiambia, Josephat, katika maisha yako umeandika jambo moja la kweli, na mzee wa watu amelala. Nilitaka kuutupa mswada wote. Jumatatu kingechapwa bila sura ile, na ningezeeka nikijua ilikuwa mbaya."

"Najua."

"Maungu kila mtu ananiambia naandika vizuri. Hata ambao hawajasoma." Wanza akaangalia dari. "Nilikuja kwako kwa sababu wewe huniambii vizuri pasipo na uzuri. Ukaniuliza pembeni, kwa wino wako mwekundu: huyu kijana anaogopa nini? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, Mable. Hata mama yangu. Sasa ukiniambia kitu kesho, nitajuaje kama ni wewe au ni wivu?"

Aliposema lile neno, wivu, hakuna aliyelikana.

Mable alifuta uso kwa kiganja. "Hutajua," akasema. "Sina cha kukuonyesha. Ninaweza tu kukuambia ukweli wa leo. Kila nilipousoma ukurasa ule nilitamani ningekuwa mimi niliyekufungulia mlango. Nikashindwa kumvumilia aliyekuwa amenitangulia. Nilifanya vibaya kwa kazi yako, na nilifanya vibaya kwa Nyanya." Akanigeukia. "Nyanya, nisamehe."

"Mimi nilikwisha kukusamehe uliposema usimtoe ng'ombe," nikamwambia. "Sasa mletee mwenzako sura yake. Uisomee hapa, asikie aliyeiandika na asikie mwenye jina."

Akainuka, akaitoa kwenye droo. Hakuwa ameitupa, wala haikuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Akaisoma kwa sauti, kuanzia ng'ombe. Alisoma vizuri, mjukuu wangu husoma vizuri, lakini alipofika kwenye beseni sauti ilikatika. Josephat hakumwangalia. Alinyoosha mkono tu, akaugeuza uso wa feni umwelekee Mable, kwa sababu jasho lilikuwa linamtoka. Ilikuwa kitu kidogo sana. Nilikiona, nikakiweka moyoni.

Wanza hakucheka tena mpaka mwisho.

"Mutinda asisome hii," akasema. "Atadhani nilikuwa na akili hiyo, atanidai nimwoshe na yeye." Akapenga kamasi. "Lakini niache mle mle, dada. Nimependa kuwa mtu wa namna ile, hata kwa karatasi."

"Nitakuacha."

"Na macho yangu yarudi. Josephat ameniambia yalikuwa na nyota."

Mable akafikiri. Hata pale, na machozi yake, alifikiri kama mhariri.

"Nitarudisha nyota moja," akasema.

"Moja kwa macho mawili?"

"Moja. Mbili ni nyingi."

Josephat alicheka kwa pua, kidogo, kisha akajizuia. Akanywa chai yake iliyokuwa imepoa zamani, akaimaliza yote, akapeleka kikombe jikoni mwenyewe. Wanza alinikumbatia, akaniambia nikipita Maungu nisithubutu kula kwa mtu mwingine. Josephat akaichukua sura ile, akaikunja, akaiweka ndani ya shati. Alisema atakisoma kitabu kizima tena Jumapili, na Jumatatu atakipeleka kwa wachapaji. Aliaga vizuri. Hakusema lolote la kurudi.

Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Mable aliwasindikiza hadi langoni, anatembea nyuma yao, mikono ameikunja kifuani. Wanza alipanda garini, akajishughulisha sana na miwani yake. Josephat alikuwa amekwisha kushika mlango wa upande wake.

Mjukuu wangu ana kiburi, alikirithi kwa upande wetu. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu kitu, hata chumvi.

"Josephat," akaita.

"Naam."

"Kitabu kimekwisha. Sasa huna sababu ya kuja hapa."

"Sina," akakubali.

Mable alisimama pale juani, ameshika nguzo ya lango, na safari hii alimtazama usoni moja kwa moja.

"Basi njoo bila sababu," akasema. "Jumamosi. Mswada uache nyumbani, uje wewe."